Usingizi Si wa Runda Pekee

"Kama hutaki kelele, hamia Runda."

Jibu hilo hutupwa kwenye grupu za WhatsApp za ploti zetu karibu kila Jumapili asubuhi. Emoji za kicheko zinafuata, mjadala umekwisha, na aliyelalamika amebaki akionekana mshamba.

Lakini hebu lisome tena polepole. Linasema usingizi ni wa wenye pesa. Linasema anayelipa kodi Pipeline au Kayole, anayeamka saa kumi alfajiri kukimbilia nyanya Marikiti, hana haki ya kufumba macho mpaka besi yako ichoke. Na wanaolisema ni sisi, kizazi kile kile kilichofurika barabarani Juni 2024 kukataa Mswada wa Fedha, kwa hoja kwamba mtu wa chini naye ni mtu.

Kifungu cha 37 cha Katiba, kile cha haki ya kuandamana, tulikikariri kama shairi la tamasha za shule. Mbona 24 hatukukifikia? Humo haki zinaruhusiwa kuwekewa mipaka, na mojawapo ya mambo ya kupimwa ni kwamba mtu akifurahia haki yake asivuruge za wenzake. Kanuni za kelele za 2009 zenyewe zinahesabu usiku kuanzia saa mbili. Mimi sidai saa mbili, jamani, hatuishi maktaba. Nadai saa nane usiku ihesabiwe kuwa usiku.

Utetezi naujua. Tumebanwa, viwanja vimenyakuliwa, klabu ni ghali, na mwenye nyumba amejenga kuta ambazo jirani akipiga chafya unamwambia pole. Yote kweli. Ila kuta hizo zinambana jirani pia, na yeye hajaamua kukulipisha wewe.

Wala sijalenga walevi peke yao. Kesha ya kanisa la mabati, spika zimeelekezwa barabarani, ni kelele ile ile, tofauti ni kwamba hii ukiilalamikia unaambiwa una pepo.

Mwaka 2022 kaunti ya Nairobi ilifuta leseni za vilabu vya usiku vilivyo katika makazi ya watu, na wengi wetu tukapiga makofi. Kilabu ni adui rahisi. Spika ya kejani haina leseni ya kufutwa. Na polisi? Tafadhali. Ukiwaita, kesho yake wewe ndiwe msaliti wa ploti. Kwa hiyo jambo hili limebaki kati yako na mtu wa upande wa pili wa ukuta, bila refa.

Batidei yako fanya, tena utualike. Tangaza mapema kwenye grupu, saa sita ikigonga shusha besi, funga dirisha. Na mama wa ghorofa ya nne akiandika asubuhi kwamba mtoto hakulala, usimtajie Runda. Mwambie pole, halafu umuulize ni saa ngapi hasa besi ilianza kumfikia.