Pombe ya kienyeji: hasara iko kwenye kupoza

Ukipita kwenye vilabu vya pombe za kienyeji Ifakara utakuta akina mama ndio wenye pipa, kuni na deni. Mahindi na ulezi wa kimea hununuliwa kabla mteja wa kwanza hajaketi. Pombe ikikataa kuumuka au ikageuka siki, hasara ni ya mama peke yake, na ada ya shule huondoka nayo.

Mara nyingi chanzo ni uji ambao haukupozwa inavyotakiwa. Kimea cha ulezi kina kazi mbili. Hugeuza wanga kuwa sukari, kazi inayokwenda vizuri kwenye joto la nyuzi 60 hivi. Uji ukiwa bado unatokota, uwezo huo huharibika. Pia hubeba chachu, ambayo hufa joto likipita nyuzi 50 na hustawi kati ya 25 na 30. Ndiyo maana wapo wapishi wanaotia kimea mara mbili, uji ukiwa moto kiasi, kisha ukishapoa. Hawakusoma kemia, lakini wamepatia.

Tatizo la bondeni ni hali ya hewa. Ifakara iko chini ya mita 300 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Novemba haupozi kitu. Pipa la lita 200 likiachwa lipoe lenyewe hukaa vuguvugu saa nyingi, bakteria wa ukali wakaiwahi chachu. Kwa haraka, wengine humimina ndani maji ya kisima. Hilo tunalipinga kabisa. Visima vifupi vya bonde linalofurika wakati wa masika havifai kutiwa kwenye kitu kilichokwisha kuchemshwa.

Maji yabaki nje. Gawa uji kwenye sufuria za lita 20, ziweke ndani ya karai la maji, koroga kwa mwiko safi, badili maji yakipata moto. Tone likiwekwa kwenye kiwiko lisipochoma wala kupoza, limefikia joto la mwili; subiri kidogo tena.

Wapo watakaosema tunahimiza ulevi. Pombe hii inapikwa kila siku, na Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 inaitambua kwa leseni. Halmashauri inayopokea ada ya leseni hizo ianze na bomba la maji safi kwenye kila klabu.