Jiajirini, jiajirini: ajira milioni 8 ziko wapi Bunju?

Makamanda, kuna neno moja limegeuzwa fimbo ya kutuchapia: jiajirini. Waziri akija, jiajirini. Mbunge akishika maiki, jiajirini. Hata yule aliyelipwa na serikali tangu atoke chuo mpaka kustaafu, naye anatuambia vijana wa siku hizi tunachagua kazi. Nani kachagua?

Mwaka 2014 vijana zaidi ya 10,000 walijaa Uwanja wa Taifa kwenye usaili wa nafasi 70 za Uhamiaji. Mwaka 2025 TRA ikatangaza nafasi 1,596, wakaomba watu 135,027. Piga hesabu mwenyewe: karibu watu 85 wanagombea kiti kimoja. Hao ndio wanaoitwa wavivu!

Sasa tuangalie ahadi. Ilani ya CCM ya 2020 iliahidi ajira zisizopungua milioni 8 ndani ya miaka 5, kwenye sekta rasmi na isiyo rasmi. Ujanja uko hapo kwenye "isiyo rasmi". Kwa kipimo cha kimataifa cha ILO, ukifanya kazi ya kipato saa 1 tu katika wiki ya utafiti, wewe si mtu asiye na ajira. Ahadi ikikaa hivyo haiwezi kushindwa. Kila anayekaanga mihogo kando ya barabara anageuka ilani iliyotekelezwa, wakati karai kanunua mwenyewe.

Tuje hapa kwetu. Kuanzia Boko mpaka Mabwepande, kazi nyingi za vijana zinatokana na watu kujenga. Mtu anapata hela mjini, anakuja kusimamisha pagale. Saidia fundi anabeba zege mpaka kwenye lenta, nyumba inapauliwa, kazi imekwisha. Anarudi kijiweni kusubiri mwingine apate hela. Bodaboda wa mkataba anaamka na hesabu ya bosi kichwani kabla hajaweka mafuta. Akivunjika mguu, hana likizo ya ugonjwa wala NSSF. Ana mchango wa wenzake kijiweni.

Na ukijiajiri kweli? Desemba 2018 wamachinga walianza kuuziwa vitambulisho kwa Sh 20,000, wakaambiwa sasa hawatabughudhiwa. Oktoba 2021 vibanda vikavunjwa Dar es Salaam nzima. Wanakuhesabu wakitaka sifa, wanakufukuza wakitaka barabara.

Tuelewane: hatudharau kazi hizi. Ndizo zinazotulisha na kuwasomesha wadogo zetu. Tunachokataa ni jasho letu kuandikwa kama mafanikio ya mtu mwingine.

Watasema mikopo ipo. Sawa. Sheria inataka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, na asilimia 4 ni ya vijana. Lakini Aprili 2023 serikali iliisimamisha, baada ya ripoti za CAG kuanika mikopo isiyorejeshwa na vikundi hewa. Ikarudi 2024. Hela wamekula wajanja, adhabu wamepewa vijana wote, hata waliokuwa wanarejesha bila kukosa.

Kwa hiyo tusiishie kulalamika kwenye magrupu ya WhatsApp. Mkutano wa mtaa ukiitishwa, nenda. Simama, uliza: vikundi vingapi vya vijana wa Bunju vimepata mkopo wa Manispaa ya Kinondoni? Vimepewa shilingi ngapi? Orodha itabandikwa lini ubaoni? Hiyo ni hela ya umma, huombi fadhila.

Na siku mtu akipanda jukwaani na mamilioni yake ya ajira, usipige makofi wala usizomee. Muulize mbele ya watu: ngapi kati ya hizo zina mkataba? Ngapi zina NSSF? Ngapi zinalipa kodi ya chumba kimoja Bunju na nauli ya kwenda Mwenge na kurudi?

Akijibu kwa namba, tutamsikiliza. Akijibu "jiajirini", mwambie tulishajiajiri zamani. Tunachouliza ni yeye tulimwajiri afanye nini.