Sahihi Isomeke Pande Zote Mbili

Tarehe 5 Oktoba, 2019, Rais John Magufuli na Rais Edgar Lungu wa Zambia walizindua Kituo cha Pamoja cha Mpaka cha Tunduma na Nakonde. Shabaha ilikuwa njema: gari lisimame mara moja tu. Lakini gari huvuka pamoja na hati zake, na hati haina nguvu bila sahihi.

Wako ndugu zetu wa Visiwani watakaouliza: Tunduma, mkoani Songwe, inatuhusu nini? Inatuhusu sana. Dagaa wanaokaushwa Unguja wana soko Kongo, na barabara kuu iendayo Zambia na Lubumbashi hupita hapo hapo.

Sheria yetu ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 iliitambua sahihi ya kielektroniki. Zambia nayo ilitunga sheria yake mwaka 2021. Hata hivyo, sheria peke yake haitoshi. Mwaka 2014 forodha yetu iliacha mfumo wa ASYCUDA ikashika TANCIS, hali Zambia iliendelea na ASYCUDA. Mifumo isipopatana, sahihi halali yaweza kukataliwa.

Sababu ni hii. Sahihi ya kidijiti hutiwa kwa ufunguo wa siri wa mwenye hati, nayo huhakikiwa kwa ufunguo wake wa wazi. Kwanza kompyuta huikokotoa hati nzima iwe namba moja. Aliyesoma chuoni anajua kuwa nukta moja hugeuza herufi. Hapa pia, nafasi moja tupu ikiongezwa, namba yote hubadilika. Kisha programu moja huiandika sahihi kwa baiti 64, na nyingine huifunga sahihi hiyo hiyo katika umbo la baiti zipatazo 71. Hesabu haina kosa, ila msomaji aliyezoea umbo moja hulikataa la pili kana kwamba hati imeghushiwa.

Dawa yake si kulazimisha wote watumie programu moja, bali ni mapatano: kanuni moja ya kukokotoa, umbo moja la hati na umbo moja la sahihi, yaliyoandikwa na kujaribiwa kabla mwananchi hajafika dirishani.

Tunazitaka Mamlaka za Serikali Mtandao, ya Bara na ya Zanzibar, zianzie nyumbani. Hatuwezi kumtaka jirani wa Nakonde aisome sahihi yetu kabla hatujahakikisha kwamba iliyotiwa Unguja inasomeka Tunduma.