Tela la kuishi lililotumika: kwa nini Marekani linauzwa bei ya chini, na mnunuzi anaumia wapi

Baada ya kipindi chetu kuhusu kodi za nyumba nje ya nchi, mama mmoja msikilizaji wetu alituma ujumbe. Kijana wake yuko Marekani, jimbo la Texas. Amechoka kulipa kodi ya chumba na sasa anatafuta "nyumba ya magurudumu" iliyotumika ili aishi humo. Mama anauliza kama mtoto amepata akili au ameipoteza. Kwa kuwa ujumbe wa namna hiyo haukuwa mmoja, tumeona tulieleze jambo hili kwa maandishi, usome taratibu kwenye simu yako.

Kwanza tuelewane kuhusu kitu chenyewe. Kuna aina mbili kubwa. Moja ni gari-nyumba. Chukulia Coaster iliyoondolewa viti vya abiria, ikawekwa kitanda, jiko, sinki na choo. Ina injini yake na inaendeshwa. Ya pili ni tela la kuishi, wengine huliita karavani. Hilo ni chumba juu ya magurudumu, halina injini, linavutwa na pikapu. Mwenye fedha kidogo kwa kawaida huangukia kwenye tela, na kwa maoni yangu hapo hajakosea. Kununua gari-nyumba la zamani ni kununua nyumba chakavu na injini chakavu kwa siku moja. Tela likiharibika, pikapu bado inakupeleka kazini.

Sasa kwa nini yako mengi sokoni? Chanzo ni corona. Watu waliogopa ndege na hoteli, wakakimbilia matela ili wasafiri na familia zao bila kukutana na mtu. Mwaka 2021 viwanda vya Amerika Kaskazini vilitoa zaidi ya magari na matela ya aina hii 600,000, idadi ambayo haikuwahi kufikiwa kabla. Sehemu kubwa hutengenezwa eneo moja tu, Elkhart, jimbo la Indiana. Kisha hofu ikaisha, riba za benki zikapanda, watu wakarudi hotelini. Mwaka 2023 viwanda vilitoa takribani 313,000, karibu nusu. Matela yaliyonunuliwa kwa papara yamebaki uani yakipigwa jua na mvua, na wenyewe wanataka kuyaondoa.

Hapo ongeza jambo la mikopo. Marekani tela linaweza kukopewa kwa miaka 10, 15, hata 20. Lakini thamani ya tela hushuka haraka kuliko deni linavyopungua. Kwa hiyo mtu anayeuza tela la miaka minne anaweza kuwa bado anadaiwa na benki kuliko bei anayoitaja kwako. Tutarudi kwenye hilo tukifika kwenye karatasi.

Tela la miaka 15 au 20 huweza kupatikana kwa dola 5,000, au chini ya hapo. Kwa hela yetu ni zaidi ya shilingi milioni 12 za Tanzania. Kwa kijana anayelipa kodi ya chumba kila mwezi, hesabu inaonekana nyepesi: miezi michache ya kodi, nawe una nyumba yako. Lakini bei ya tela ndiyo sehemu ndogo ya hesabu, na wengi hugundua hivyo wakiwa wameshalipa.

Swali la kwanza ni utaliweka wapi. Huku kwetu ukiwa na kibanda na baba mdogo ana kiwanja, umemaliza. Kule sivyo. Wilaya na miji mingi ina sheria za matumizi ya ardhi zinazokataza mtu kuishi kwenye tela moja kwa moja, hata kama kiwanja ni chako na una hati mkononi. Unaruhusiwa kuliegesha, huruhusiwi kulifanya makazi. Njia iliyobaki ni kukodi nafasi kwenye viwanja maalumu vyenye maji, umeme na bomba la majitaka, na unalipa kila mwezi. Kwa hiyo hujaikimbia kodi, umeibadilisha jina. Hata hivyo kodi ya nafasi mara nyingi ni ndogo kuliko ya nyumba, na ndiyo maana wapo wanaofanya hivyo na wakanufaika.

Viwanja vingi vina sharti ambalo mnunuzi mgeni halijui: havipokei tela lenye umri wa zaidi ya miaka 10. Wenye viwanja wanasema machakavu yanaharibu sura ya mahali na kuvujisha majitaka. Msikilizaji wa Kenya ataielewa sheria hii upesi, kwa sababu nchini mwake gari lililotumika likizidi miaka 8 haliruhusiwi kuingizwa. Tofauti ni kwamba ile ni sheria ya nchi, inajulikana mapema. Hii ya viwanja kila mwenye uwanja anajipangia. Sasa fikiria: tela unaloweza kulimudu ni la miaka 18, na uwanja ulio karibu na kazi yako unakataa chochote kilichozidi miaka 10. Kwa hiyo simu ya kwanza hapigiwi mwenye tela, anapigiwa mwenye uwanja. Mnapokea tela la mwaka gani? Kodi ya mwezi ni kiasi gani, na umeme umo ndani au unalipwa kando? Naruhusiwa kukaa miezi mingapi mfululizo? Majibu yakishapatikana, ndipo ukatafute tela.

Aliyekataliwa na uwanja huishia kuegesha barabarani, na huko mambo yanazidi kukaza. Tarehe 28 Juni 2024 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi iliyotoka mji mdogo wa Grants Pass, jimbo la Oregon. Majaji sita kati ya tisa walisema mji kuwaadhibu watu wanaolala maeneo ya umma hakuvunji katiba. Kesi ilihusu zaidi watu wa mablanketi na mahema, lakini baada ya hapo miji mingi ilipata nguvu ya kubana kila anayelala nje. Mwaka 2025 San Francisco ilipitisha sheria inayozuia magari makubwa, yakiwemo haya ya kuishi, kuegeshwa mtaani zaidi ya saa mbili. Hesabu ya serikali ya Januari 2024 ilikuta watu zaidi ya 770,000 hawana makazi nchini humo. Wanaolala kwenye matela na magari mitaani wamo katika hesabu hiyo, na gari lililovutwa na polisi likikosa kukombolewa, mwenyewe amepoteza nyumba, godoro na nguo kwa siku moja.

Tuje kwenye tela lenyewe. Adui wake mkubwa ni maji, tena maji ya juu. Matela mengi ya bei ya kawaida yana fremu ya mbao nyembamba, plaiwudi nyepesi, na paa la mpira. Kila mahali ambapo paa linakutana na ukuta, bomba au tundu la hewa pamepakwa gundi ya kuziba. Gundi hiyo hupasuka kwa jua, na inatakiwa kukaguliwa mara kadhaa kwa mwaka. Mwenye tela akisahau misimu miwili, maji huingia kidogo kidogo ndani ya ukuta bila wewe kuona tone. Mbao zinaoza kutoka ndani. Siku utakayoona doa kwenye dari, jua ndani pameshakuwa unga.

Namna ya kukagua haihitaji fundi mkubwa. Panda ngazi uone paa kwa macho yako, usiridhike na picha. Shuka, simama mbali kidogo, uangalie kuta za nje kwa upande, jua likiwa chini. Ukiona uvimbe kama wa chapati inayoumuka, ganda la nje limeachana na mbao. Ingia ndani uvue viatu. Kanyaga kwa kisigino kwenye kona zote, mbele ya mlango na kuzunguka choo. Sakafu nzima haibonyei. Fungua makabati ya juu na upapase kona zake. Halafu nusa. Harufu ya ukungu haifichiki, na mwenye kujaza tela manukato asubuhi ya siku unayokuja, muulize ananukiza nini. Ukarabati wa ukuta uliooza unaweza kuzidi bei ya tela zima. Kwa hilo mimi sina mjadala: sakafu ikibonyea, aga uondoke, hata akikupunguzia nusu.

Harufu ina kisa chake kingine kikubwa. Agosti 2005 kimbunga Katrina kiliharibu New Orleans na pwani ya kusini. Serikali ya Marekani, kupitia shirika lake la maafa FEMA, ilinunua matela zaidi ya laki moja kwa ajili ya waliopoteza nyumba. Watu wakaanza kulalamika macho kuwasha, pua kutoka damu, watoto kubanwa kifua. Februari 2008 kituo cha taifa cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilitangaza matokeo ya kupima matela 519: hewa ya ndani ilikuwa na kemikali ya fomaldehaidi kwa kiwango cha juu kuliko nyumba za kawaida. Ni kemikali ileile iliyomo kwenye fomalini ya kuhifadhia maiti. Ilitoka kwenye gundi ya mbao zilizojengea matela.

Mwaka 2010 serikali iliyauza kwa mnada matela hayo kwa maelfu, bei ya kutupa. Yalibandikwa karatasi za onyo kwamba si ya kuishi watu. Unajua kilichofuata. Karatasi zilibanduliwa, matela yakauzwa tena na tena, na mwaka huohuo mengine yakakutwa yamelaza vibarua waliokuwa wakisafisha mafuta yaliyomwagika Ghuba ya Mexico. Mwaka 2012 mahakama iliidhinisha fidia ya dola milioni 42.6 kutoka kwa watengenezaji na makandarasi, fedha ambayo ukigawanya kwa maelfu ya walalamikaji haimpeleki mtu mbali. Kemikali hiyo hupungua kadiri miaka inavyopita, lakini kilichobaki hadi leo ni njia yenyewe: kitu kilichokatazwa kwa wenye sauti kilishuka daraja kwa daraja hadi kwa asiyeuliza. Baada ya kila kimbunga kikubwa, matela na magari yaliyozama kwenye maji ya mafuriko husafishwa na kupelekwa kuuzwa jimbo lingine ambako hakuna aliyesikia mafuriko. Kwa hiyo "limetoka wapi?" ni swali la lazima.

Ndipo tunafika kwenye karatasi. Tela nalo lina hati ya umiliki, kama kadi ya gari ya huku, na namba ya utambulisho iliyogongwa kwenye fremu. Namba ya kwenye fremu, ya kwenye hati na jina la anayeuza lazima vifanane. Kama benki bado inadai, hati itaonyesha, na fedha zipelekwe benki kwanza kabla ya mkono wa muuzaji. Majimbo mengine hayatoi hati kwa matela ya zamani sana au madogo, unapewa karatasi ya mauziano tu. Kabla ya kuipokea, mnunuzi aulize ofisi ya usajili ya jimbo lake kama itaikubali.

Pia kuna wezi. Tela zuri, bei ya kushangaza, mwenyewe "yuko safarini", tuma malipo ya awali nikuhifadhie. Sisi tuliokulia kwenye "ile hela tuma kwenye namba hii" hatupaswi kufundishwa hilo na mtu. Hakuna kununua mbuzi kwenye gunia.

Vifaa vya ndani nitavipitia haraka. Friji nyingi za matela hutumia gesi au umeme na huchukua saa nyingi kupoa, hivyo mwambie muuzaji aiwashe jana yake. Washa jiko, hita na pampu ya maji mbele yake. King'ora cha gesi na cha hewa ya sumu vina tarehe ya mwisho kama dawa. Vibadilishwe bila kusita, maana hewa hiyo ni ileile inayoua watu na jiko la mkaa lililofungiwa chumbani.

Uzito nao usichezewe. Anayepakia mahindi kwenye tela la pawatila anajua mzigo ukilala nyuma kinachotokea. Kwa tela la kuishi, asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake wote inatakiwa ilale mbele, kwenye ndoano ya pikapu. Ikipungua hapo, kwenye mwendo tela huanza kuyumba na linaweza kuipindua pikapu inayolivuta.

La mwisho ni tairi, na hili ukimaliza kusoma unaweza kulijaribu uani kwako. Tairi za tela hufa kwa kukaa, si kwa kutembea. Jua na miaka hukausha mpira huku ngao zake zikionekana mpya, na mafundi wengi wa kule hushauri zibadilishwe kati ya miaka mitano na saba. Umri umeandikwa ubavuni mwa tairi: baada ya herufi DOT, tafuta tarakimu nne za mwisho. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Namba hizo ziko pia kwenye tairi za Noah na pikapu zetu, na kwenye mitumba ya tairi inayouzwa barabarani. Ukikuta 0814, unauziwa tairi la Februari 2014, hata kama si kipara.