NYUMBA YA SHAMBA HAIPIMWI KWA KUTA



Yako maneno yapitayo barazani kwetu, kwamba mtu wa shamba hana shida ya nyumba: ardhi anayo, miti anayo, na ndugu wa kumsaidia kujenga anao, mwenye taabu ni mtu wa mjini alipaye kodi kila mwezi. Maneno hayo yana ukweli nusu. Nusu iliyobaki tuitazame huko bara, Mkoani Mara.

Katika Wilaya ya Tarime, pahala paitwapo Nyamongo, mgodi wa dhahabu wa North Mara ulianza kazi mwaka 2002. Mkurya wa huko alikuwa na nyumba yake, zizi la ng'ombe, na shamba la mahindi na mihogo. Kodi ya nyumba hakuijua. Ardhi ilipotakiwa, akahesabiwa fidia. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yataka fidia kamili, ya haki na ya haraka. Na kanuni za mwaka 2001 zaongeza posho ya makazi, yaani kodi ya miezi 36. Je, mwezi wa 37 alipe nani? Mwenye nyumba amekuwa mpangaji, na unga aliokuwa akiulima sasa aununua kwa kibaba.

Wako waliojenga vibanda vya haraka ili walipwe, jambo liitwalo huko "tegesha". Wakubwa wawalaumu. Lakini hesabu ikitazama kuta zaidi ya maisha, watu nao watajenga kuta.

Wilaya jirani ya Serengeti ina funzo lake. Vijiji vilivyopakana na hifadhi haviwezi kujitanua, na tembo huingia mashambani. Kujenga huko ni rahisi. Kula ndiko kugumu. Kijana apimaye baina ya kijiji na chumba cha kupanga Mugumu hapimi anasa, apima riziki.

Nasi visiwani tusijione tu mbali. Kwa sheria ya mwaka 1992 ardhi ya Zanzibar ni ya umma, mwananchi ana haki ya kuitumia; na fukwe zetu, toka Nungwi hata Jambiani, zatamaniwa na wenye mahoteli.

Kwa hiyo tudai hivi: ardhi kwa ardhi, nyumba kwa nyumba, na iwe tayari kabla ya mtu kuhamishwa. Mwanachama, uitwapo kutia saini, uliza kwanza: nitalala wapi, na nitalima wapi? Usipojibiwa yote mawili, kalamu iweke chini.