Kilimanjaro nimeukariri, Nkungwe siujui

Mitihani imeisha, bumu nalo limeisha, kwa hiyo leo nina muda wa kulalamika.

Juzi bwenini jamaa yangu wa Moshi kanitania: "Nyie wa mwisho wa reli, kwenu kuna mlima kweli au vichuguu tu?" Watu wakacheka. Mimi nimezaliwa Kasulu, sekondari nimesoma Kibondo, na nikakosa jibu! Kilimanjaro ukiniuliza naimba: Kibo mita 5,895, Mawenzi 5,149, Hans Meyer na Purtscheller wakafika kileleni 1889. Vya kwetu? Sifuri.

Nikafungua ramani. Kumbe mkoani kwetu, ndani ya Hifadhi ya Milima ya Mahale, kuna Nkungwe, mita 2,462. Siyo volkano kama Kilimanjaro, ni ardhi iliyoinuka Bonde la Ufa lilipofanyika. Mtasema mfupi. Lakini Ziwa Tanganyika hapo chini yake liko kama mita 770, kwa hiyo ukitoka ufukweni unapanda karibu mita 1,700, kwenye msitu wa sokwe, siku mbili hadi tatu, mkiongozana na askari wa hifadhi. Kwa Watongwe ni mlima mtakatifu tangu enzi za mababu.

Sasa hoja yangu. Sisi wa nyanda za juu za Buha tunapanda tangu utotoni. Mama yangu alikuwa anapandisha kilima na ndoo kichwani, mtoto mgongoni, na hakuna aliyemwita mpanda mlima. Tumezoea kwamba kupanda mlima ni kazi ya Mzungu mwenye fimbo mbili, sisi ni wa kubeba mizigo yake. Ndiyo maana tumekariri mlima wa wenzetu, na wa kwetu tumewaachia wageni.

Najua mtasema bumu halitoshi hata msosi, na nauli ya boti kutoka Kigoma mjini siyo mchezo. Kweli kabisa. Ila hela za kwenda kujirusha Bagamoyo huwa zinapatikana! Wana-Kigoma hapa chuo tuanze mapema, elfu mbili mbili kwa wiki, likizo ndefu twende. Hata wakipanda wanne tu, watarudi Kasulu na Kibondo na cha kuwasimulia wadogo zetu mashuleni.

Na wewe jamaa wa Moshi, karibu sana. Ila begi utabeba mwenyewe.

Nawasilisha.