Kiongozi Hupimwa Makofi Yakiisha

Mwaka 2013 Mbeya City, timu ya halmashauri ya jiji, ilipanda Ligi Kuu na katika msimu wake wa kwanza ikashika nafasi ya tatu, nyuma ya Azam na Yanga. Mwaka 2019 Lipuli ya Iringa ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho, ikafungwa 1–0 na Azam kule Lindi. Nyanda za Juu Kusini tulijivunia. Lakini mwaka uliofuata Lipuli ilishuka daraja. Mbeya City nayo ilishuka 2023, ikapanda tena 2025.

Ndugu msomaji, kupanda ni kugumu, ila kubaki juu ni kugumu zaidi. Matangazo ya biashara hayatuambii hivyo. Hutuonyesha mchezaji akiinua kombe, si mazoezi ya asubuhi kwenye baridi ya Mbeya. Vijana wengi tunachagua kazi kwa namna hiyo hiyo: tunaona koti jeupe la daktari, hatuoni zamu ya usiku, tunaona kasisi altareni, hatuoni safari ya kwenda kumpaka mgonjwa mafuta kijijini.

Aristotle alifundisha kwamba fadhila huzaliwa na mazoea: mtu huwa mwadilifu kwa kutenda haki mara kwa mara. Basi kabla ya kuchagua kazi, au kumchagua kiongozi, tuulize: siku ambayo hakuna anayeshangilia, je, kazi itafanyika?